Gauni Lililokuwa Likikua

Watu elfu arobaini na tatu walimcheka mwanamke aliyekuwa anakufa.

Mimi ndiye niliyewachekesha.

Wengi wenu mlinifuata hapa kwa sababu ya ile simulizi. Ile ya mama na gauni lake linalokua lenyewe. Mkaisambaza, mkajaza vile visura vya kulia kwa kicheko, mkaandika, "Domo, wewe utatuua mbavu."

Kaeni vizuri basi. Leo sichekeshi mtu.

Ile simulizi sikuitunga mimi.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda, nina miwani ya kukuzia, nina domo. Shuleni walimu waliniandikia kwenye ripoti "ana uwezo ila anaongea mno", mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, maneno yale yale, kama wameachiana urithi.

Kuandika nilianza kwa kulazimishwa.

Nilipeleka suruali ikapunguzwe kwa mshonaji mmoja, mama wa makamo, mjane. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kutwa kucha, hata akienda sokoni. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Futi. Akiwa ananipima nikamsimulia habari za mteja aliyeniletea simu iliyotumbukia kwenye uji, na alivyoniomba nisiumwage uji wenyewe. Mama wa watu alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Hayo umeyaandika wapi?"

"Mama, mimi naongea tu."

"Ya kuongea hubebwa na upepo. Jumamosi saa tisa uje hapa, chumba cha nyuma. Ukiitaka suruali yako, njoo na ukurasa mmoja."

Nikajua ni utani. Nikaenda mikono mitupu.

Suruali sikuiona.

Jumamosi iliyofuata nikaenda na ukurasa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ya kukatia nguo, viti visivyofanana, na marobota ya vitambaa hadi dirishani. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi, chini yake kimesukumwa kitabu chembamba. Siku moja niliinama kuokota kalamu nikaona jina kwenye jalada. Jina lake yeye.

"Mama! Hiki si kitabu chako?"

"Ndicho."

"Umekiweka chini ya meza?"

"Kwani vingine vipo juu ya nini? Hicho angalau kinashikilia kitu."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa hodari sana wa kucheka, mimi.

Tulikuwa wanane. Wa kuwajua nyinyi ni wawili. Kwanza Mzee Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye hata akiomba chumvi utadhani anasoma hukumu. Wa pili Dada Nesi, muuguzi, macho ya usingizi siku zote, anaandika hadithi za mapenzi ambazo ndani yake haumwi mtu hata mafua.

Na kulikuwa na kopo.

Kopo la biskuti, la bati, kwenye kifuniko paka wawili. Mmoja rangi imembanduka akabaki masikio. Sheria yake alitunga Mama Futi. Kila mtu alete hadithi iliyochapishwa, isiwe na jina, aitumbukize humo. Halafu unachomoa moja isiyo yako, unaisoma kwa sauti kana kwamba ni yako. Ukishaisoma, wiki nzima wewe ndiye mlezi wake. Unakwenda nayo nyumbani, unaisahihisha kwa penseli, unamrudishia mwenzio ikiwa imenawa uso. Chini unaandika: mlezi, fulani.

"Ukisoma ya kwako unaitetea," alikuwa akisema. "Ukisoma ya mwenzio unaisikia."

Mzee Karani aliwahi kumuuliza, "Mama, kwa mujibu wa akili za kawaida, unapata wapi muda wa kulea za watu wakati za kwako zimelala?"

Akamjibu huku anatunga uzi kwenye sindano. "Mzee, mwandishi asiyesoma wenzake ni sawa na mshonaji anayewapima wateja wote kwa mwili wake yeye. Mtatoka hapa mmevaa vibaya."

Basi. Mwaka ule Mama Futi akaanza kupendeza.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema. Alikuwa mnene wa wastani, akaanza kupungua. Alikuwa na gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, karibu kila Jumamosi analo. Nikamtania, "Mama, siku hizi kiuno hicho! Nani huyo anataka kutuchukulia mama yetu?" Dada Nesi naye, "Umependeza, Mama, nipe siri." Mama Futi akacheka, akazungusha futi shingoni.

Jumamosi moja nikachomoa karatasi kwenye kopo. Ukurasa mmoja na nusu. Ilianza hivi:

*"Gauni langu linakua. Nililishona mwenyewe, likanikaa kama ngozi. Mwezi wa pili likanizidi inchi moja kiunoni. Nikalipunguza. Mwezi wa tatu likakua tena. Nikalifungia kabatini, likakua humo humo. Watu wananiambia nimependeza. Gauni halisemi kitu. Linakula kidogo kidogo, na mimi sijui linakula nini."*

Jamani, mimi kupewa kitu kama hicho! Nikasimama. Nikaweka sauti ya bibi mwenye mambo mengi, mkono mmoja kiunoni, mwingine nimelikamata gauni la hewa lisinikimbie. Kila nilipofika "likakua tena" nikaruka nyuma.

Chumba kikapasuka. Dada Nesi alijipiga mapaja. Mzee Karani alivua miwani akafuta machozi. "Kwa mujibu wa maumbile," akasema, "kitambaa hakikui. Lakini mwandishi huyu, yeyote awaye, ana kipaji cha kutia chumvi."

Mama Futi alicheka pia. Nilimwangalia. Alicheka mikono ameikunja tumboni.

Halafu akauliza, "Mnadhani kwa nini linakua?"

"Kuna mwenye kitambi analiazima mchana!" nikasema.

Vicheko tena.

"Jibu zuri. Mwingine?"

Hakukuwa na mwingine.

Jumatatu kibandani hapakuwa na wateja. Nikaitoa ile karatasi mfukoni, nikaanza kuichapa kwenye simu. Nikaongeza panya mpangaji anayelivaa gauni wakati mwenye nalo yuko kazini. Nikaongeza jirani mwenye wivu. Nikaposti. Juu nikaweka jina langu.

Nilijiambia: si ndiyo sheria, wiki hii ni yangu?

Ni yangu kuilea. Hilo nililijua vizuri kabisa. Lakini mtu akitaka kuiba hata amri kumi anaziona ni vibali.

Mengine mnayajua. Kufikia Alhamisi wateja walikuwa wanakuja kibandani hawana hata simu mbovu. "Wewe ndiye Domo wa gauni?" Kichwa kikavimba mpaka kofia ikalalamika.

Jumamosi ya kurudisha, nilikwenda na swali moja. Mwenyewe akisimama je? Nikakabidhi karatasi, safi, haina hata nukta ya penseli.

Mama Futi akaigeuza huku na huku.

"Hukuona kitu?"

"Iko sawa kabisa, Mama. Haihitaji kuguswa."

"Mwenye nayo ni nani?"

Dada Nesi akamtazama Mzee Karani. Mzee Karani akatazama dari.

"Basi ikae kwa mlezi wake," akasema Mama Futi, akanirudishia, "mpaka mwenyewe atakapoitaka."

Nikashusha pumzi. Hadithi haina mwenyewe! Ningekuwa mbuzi ningepiga teke la furaha.

Mwezi haukupita, mwenye ukumbi mmoja akanipigia. Ana tamasha la vichekesho, Jumamosi mchana, watu mia tatu. Anataka gauni. Ila anataka na mwisho, maana nyinyi wenyewe mlikuwa mnauliza kila siku, "Domo, sasa gauni liliishia wapi?"

Mwisho sikuwa nao. Nilikaa na simu siku tatu, hata mstari mmoja. Ndipo nilipojua kwamba kuiba ukurasa ni rahisi, kazi ni kuiba kisima.

Jumatano nikaenda kwa Mama Futi kuomba akili.

Nilimkuta amesimama katikati ya duka, amevaa lile gauni la bluu, anahangaika na futi.

"Umekuja saa nzuri, mwanangu. Nishikie hapa nyuma, mikono haifiki."

Nikaizungusha futi kiunoni, juu ya gauni lenyewe. Kitambaa kilijikunja mkononi mwangu kama pazia.

"Ishirini na tano, Mama."

"Niandikie."

Daftari lake la vipimo lilikuwa mezani. Kila mteja na ukurasa wake. Wa kwanza ulikuwa wa kwake. Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Kila nambari na mwezi wake pembeni.

Na mimi, mjinga wa mwisho duniani, nikafungua domo.

"Mama, hapa wewe huna kosa. Hilo gauni lako ndilo lina..."

Sentensi ikanifia mdomoni.

"Malizia," akasema.

Nikazitazama zile nambari tena.

"Wiki tano, mwanangu, nangoja mtu aimalizie hiyo sentensi."

Nikakaa juu ya robota la kitambaa.

"Ni nini, Mama?"

"Tumboni. Daktari ameshasema. Sasa napewa za kutuliza maumivu tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Ukurasa mmoja na nusu, herufi kubwa, mistari imeachana."

"Sisi tulidhani ni hadithi!"

"Ni hadithi. Nani alikwambia hadithi si habari za mtu?"

Nikaanza kutapatapa, nimwambie kuhusu posti. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Najua. Mteja alinisomea hapa hapa, mimi namkatia kola. 'Mama, hebu msikilize huyu kichaa.'"

"Ukakasirika?"

"Panya alinichekesha. Kweli kabisa, alinichekesha. Nikalia pia. Mteja akadhani ni kicheko kimenizidi."



Akakaa karibu yangu, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha udongo.

"Nataka kitu kimoja. Jumamosi hii, isome tena. Ile yenyewe, bila panya. Polepole. Nikae kwenye kiti changu niwaone nyuso zao wakiisikia. Mara moja tu."

"Mama, si uisome wewe?"

"Sheria ya kopo niitunge mimi, niivunje mimi? Halafu mgonjwa akisoma mwenyewe, watu wanamsikiliza mgonjwa. Mimi nataka waisikilize hadithi. Miaka yote hii, mwanangu, nimesikiliza za watu. Nataka yangu moja isikike vizuri kabla sijaondoka."

Nikasema ndiyo.

Nimeliandika neno hilo hapa makusudi, mlione. Nilisema ndiyo.

Ijumaa nikaanza kupiga hesabu za mwoga. Nikisoma chumbani, kesho mji mzima unajua simulizi si yangu. Na ukumbi? Na watu mia tatu? Jumamosi ni moja. Yeye ana Jumamosi nyingine, si ndiyo? Mtu hafi kwa wiki moja.

Nikamtumia ujumbe: "Mama, nimebanwa kesho. Jumamosi ijayo bila kukosa."

Akajibu: "Sawa mwanangu. Msalimie panya."

Nilikwenda ukumbini. Nikasimama kwenye taa. "Gauni langu linakua," nikasema, macho yakaenda mlangoni kumtafuta Mama Futi. Watu wakadhani ni mbwembwe. Wakapiga makofi. Nikamleta panya haraka haraka, anifukie.

Walicheka vizuri. Sina malalamiko nao.

Jumamosi ijayo haikuja. Ijumaa alizidiwa, wakamlaza.

Nilifika hospitali Jumapili, karatasi mfukoni. Macho yamefungwa, mashine inamsaidia kupumua. Nikainama sikioni, nikasoma mistari miwili bila panya. Nikaikunja karatasi. Alitaka nyuso zao. Pale uso ulikuwa mmoja, na ndio ule ule uliomkimbia.

Jumanne akafariki.

Jumamosi baada ya mazishi tulikaa saba kwenye chumba cha nyuma. Kiti chake hakuna aliyekigusa. Nikasimama, nikatoa karatasi, nikasoma. Sikuruka nyuma. Sikuweka mkono kiunoni. Mwanzo hadi mwisho nilisimama kama mtu anayepimwa nguo.

Nilipofika "watu wananiambia nimependeza," Dada Nesi akafunika uso.

"Kazi yangu ni kuwapandisha watu kwenye mzani," akasema ndani ya viganja. "Kila siku. Kila siku ya Mungu napandisha watu kwenye mzani. Nikamwomba siri."

Mzee Karani akavua miwani, safari hii si kwa kicheko.

Nikawaambia yote. Posti, ukumbi, ahadi. Nilitegemea wanitoe nje. Ningewaelewa. Nilitamani, kusema kweli.

Mzee Karani akainuka. Akatoa kopo chini ya mashine ya kushonea, akaliweka mikononi mwangu.

"Jumamosi ile ulipokwenda ukumbini," akasema, "hatukusoma. Mama alisema leo kopo lina kitu kimoja tu na msomaji wake hajafika. Akatukazia macho, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Tulidhani anatuhesabu."

"Ndani kuna nini?"

"Sijui, kijana. Si la kwangu."

Nikafungua. Paka mwenye masikio tu ananitazama.

Nilitegemea barua. Laana ingenifaa zaidi.

Ilikuwa posti yangu.

Ile ile, ya panya na jirani. Alikwenda kuichapisha, karatasi tatu, jina langu juu. Na kurasa zote zilikuwa zimejaa penseli. Mwandiko unatetemeka, mahali pengine umeteleza kabisa, umerudia.

Kwenye panya: *"Huyu abaki. Ni wako, na ni mzuri."*

Kwenye jirani: *"Mtoe. Unajificha nyuma yake."*

Kwenye watu wanaosema nimependeza: *"Hapa ulikimbia. Siku nyingine simama hapo, hata kama miguu inatetemeka."*

Mwisho wa ukurasa wa tatu: *"Nasikia unautafuta mwisho. Mimi pia sinao, sijafika. Ukiuona, uandike."*

Jina langu hakulikata. Mwenye hadithi, mwenye gauni, mwenye tumbo lile, hakulikata. Alipiga mstari chini ya karatasi, kama sheria inavyotaka, akaandika:

*Mlezi, Mama Futi.*

Nimemwona mwanamume mzima akilia kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa. Nilikuwa mimi.

Sasa mnajua. Kwenye ile posti nimefuta jina langu nimeweka lake, lile la kwenye kitabu. Watakaoondoka waondoke, mlango uko wazi na sidai kitu. Chini ya posti hii nimeiweka ya kwake, ukurasa mmoja na nusu. Isomeni polepole. Alitaka nyuso, sikumpa. Mpeni zenu.

Na nyinyi mnaoandika, na mnaosoma wanaoandika, nawaomba hili moja. Hadithi ya mtu ikikuchekesha, cheka, si dhambi. Ukimaliza kucheka, mtafute mwenyewe umuulize anaendeleaje. Usimsifie kipaji ukaenda zako. Mimi nilimsifia.

Jumamosi bado tunakutana. Kitabu tumekitoa chini ya meza, kinapita mkono kwa mkono, nimekifikisha katikati. Meza inacheza sana. Hakuna anayetaka kuweka kitu kingine pale.

Gauni la bluu limetundikwa ukutani. Kwa ndani utaona mistari ya matundu ya sindano, mmoja ndani ya mwingine, kila alipolipunguza, wa mwisho wa wiki ile niliyompima. Mimi ndiye wa kwanza kufika, kwa hiyo nachukua futi yake, nalipima kiunoni, naandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.

Mama, mwisho nimeuona.

Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na tano.

Halijakua tena.